Daktari Anayeitilia Shaka Namba

Kati ya mwaka 1981 na 1987 madaktari wa hospitali ya Muhimbili waliandikisha wagonjwa wapya 1,250 wa kisukari jijini Dar es Salaam. Walipowagawa kwa aina ya ugonjwa, 272 walionekana kuhitaji insulini, 825 hawakuihitaji, na 153 hawakuingia kundi lolote. Andrew Swai, Janet Lutale na Donald McLarty walipochapisha matokeo hayo mwaka 1990 katika jarida la BMJ, hawakuwasukumiza hao 153 upande huu au ule. Waliwaandika kuwa ni wa aina isiyo na uhakika. Mtu akiniuliza amtafute daktari gani wa kisukari, huwa naanzia kwa hao 153.

Tumezoeshwa kwamba kisukari ni cha aina mbili. Katika aina ya kwanza, kinga ya mwili huzishambulia seli za kongosho zinazotengeneza insulini. Mgonjwa huwa kijana, mwembamba, na bila sindano hafiki mbali. Katika aina ya pili insulini ipo ila mwili umekuwa sugu kwayo. Mgonjwa huwa mtu mzima mwenye kitambi, na huanza na vidonge. Mgawanyo huu ulichorwa zaidi kwa kuwatazama wagonjwa wa Ulaya na Marekani, na huku kwetu haukai sawasawa. Mwaka 1994 madaktari wa New York walieleza habari za wagonjwa weusi wa mtaa wa Flatbush, Brooklyn, waliofikishwa hospitali na ketoasidosisi, ile hali ya damu kujaa tindikali kwa kukosa insulini, ambayo kitabu kinasema ni ya aina ya kwanza. Lakini baada ya muda wengi wao waliacha sindano na sukari ikabaki chini. Mwaka 2025 watafiti waliwachunguza watu karibu 900 wa Cameroon, Uganda na Afrika Kusini, walioanza kuugua wakiwa wadogo na wakaambiwa wana aina ya kwanza. Takriban theluthi mbili hawakuwa na zile kingamwili zinazoonyesha kwamba kongosho limeshambuliwa. Mwaka huohuo Shirikisho la Kimataifa la Kisukari likaitambua aina ya tano, ya watu waliokua katika utapiamlo, na mjadala juu yake bado ni mkali.

Kwa mgonjwa haya si mambo ya kitaaluma tu. Mtu mzima mwembamba akipewa vidonge kwa sababu ya umri wake, kumbe kongosho limekwisha, anaweza kurudi hospitali akiwa hajitambui. Kijana naye anaweza kuchomwa kwa miaka sindano asizozihitaji. Daktari mzuri hasemi tu "una sukari". Anauliza ni sukari ya namna gani, na pasipokuwa na jibu huagiza kipimo cha kingamwili au cha peptidi-C, ambacho huonyesha kongosho bado linatoa insulini kiasi gani. Vipimo hivi ni ghali na havipatikani kila maabara, ndiyo maana huagizwa na mtu anayejua kwa nini anavitaka.

Je, mtu huyo lazima awe daktari bingwa wa homoni? Hapana, na hapa wengi wanajichosha bure. Bingwa wa homoni ni yule aliyemaliza udaktari, akasomea ubingwa wa magonjwa ya ndani au ya watoto, kisha akaongeza miaka miwili hivi kwenye tezi na homoni; Tanzania wanamwita bingwa bobezi. Ni wachache mno, na wengi wako miji mikubwa. Nairobi kilianzishwa kituo mwaka 2008 cha kuwafundisha madaktari wa homoni za watoto kutoka nchi mbalimbali za Afrika, lakini pengo lingali pana. Mwenye aina ya pili ya kawaida, ambaye dawa zinamkubali, atahudumiwa vizuri na daktari wa magonjwa ya ndani, au na kliniki ya kisukari ya hospitali ya wilaya yenye muuguzi anayeujua ugonjwa huu kwa miaka. Kumlipia nauli kutoka Sumbawanga hadi Dar kila miezi mitatu kwa ajili ya kuongezewa metformini ni kuzitupa fedha ambazo zingenunua stripi za kupimia.

Bobezi anahitajika pale mambo yanapokataa kunyooka: mtoto mwenye kisukari, mjamzito ambaye sukari haitulii, mtu anayezimia kwa sukari kushuka mara kwa mara, mtu mwenye dawa tatu na sukari bado iko juu, au yule ambaye aina ya ugonjwa wake haieleweki. Anahitajika pia kwa sababu kisukari wakati mwingine ni dalili ya ugonjwa mwingine wa homoni. Uso ukivimba na kuwa wa mviringo, ngozi ikachanika michirizi ya zambarau tumboni, presha na sukari zikapanda pamoja, mwili umezidiwa na homoni za steroidi. Zinaweza kutoka kwenye uvimbe wa tezi. Zinaweza pia kutoka kwenye kopo. Baadhi ya krimu za kujichubua zina klobetasoli, steroidi kali inayopenya ngozi na kuingia kwenye damu, na baadhi ya dawa za maumivu zinazouzwa kienyeji hukutwa zimechanganywa na deksamethasoni. Daktari anayemuuliza mama mtu mzima, kwa adabu na bila kumuaibisha, "Mama, unapaka nini mwilini?" anaijua kazi yake. Mkorogo hauandikwi kwenye kadi ya kliniki mpaka mtu auulizie.

Halafu kuna namba yenyewe. Kipimo ambacho wagonjwa wanakiita sukari ya miezi mitatu, yaani HbA1c, kilianza kwa jambo dogo alilolitambua Samuel Rahbar, mtafiti wa Iran, mwishoni mwa miaka ya 1960: himoglobini ya wenye kisukari ilikuwa na sehemu isiyo ya kawaida. Baadaye ikajulikana ni sukari iliyojishika kwenye himoglobini. Chembe nyekundu huishi siku 120 hivi, na muda wote huo zinaokota sukari, kwa hiyo ukipima unapata wastani wa majuma mengi. Asilimia 6.5 kwenda juu ni kisukari. Wengi walio kwenye matibabu huambiwa wakae chini ya 7.

Hesabu hiyo inategemea chembe kuishi siku zake. Chembe zikifa mapema, haziwahi kuokota sukari ya kutosha, na majibu yanatoka mazuri kuliko hali ilivyo. Kwa mgonjwa wa selimundu kipimo hiki hakifai kabisa. Hata aliyerithi kinasaba kimoja tu, ambaye haumwi chochote, anaweza kupotoshwa. Utafiti wa mwaka 2017 kwa Wamarekani weusi ulionyesha kwamba kwa sukari ileile, wenye kinasaba kimoja cha selimundu hupata HbA1c pungufu kwa takriban alama 0.3. Mwingine wa mwaka huohuo ukaonyesha kwamba wanaume wenye upungufu wa kimeng'enya cha G6PD hupungukiwa hadi alama 0.8. Upungufu wa madini ya chuma, kinyume chake, huweza kuipandisha namba. Selimundu na upungufu wa G6PD vimeenea mahali palipokuwa na malaria kwa vizazi vingi, kama Kanda ya Ziwa na pwani yote. Kwa hiyo ukikutana na daktari aliyeshika karatasi ya 6.2, akatazama vipimo vyako vya kidole nyumbani vinavyosoma 11 na 12 mmol/L, akasema "hivi viwili havisemezani, tupime himoglobini yako", usimwache. Yule anayesema tu mashine ya nyumbani ni mbovu, mwulize ameangalia nini kingine.

Kwa Mwislamu wa Tanga, Mombasa au Unguja kuna swali jingine la kumpima nalo daktari, na afadhali liulizwe mwezi wa Rajabu kuliko usiku wa kuandama mwezi: nikifunga, dawa zangu zinakwendaje? Utafiti uliofanywa mwaka 2001 katika nchi 13 ulikuta kwamba sukari kushuka vibaya huongezeka Ramadhani mara 4.7 kwa wenye aina ya kwanza, na mara 7.5 kwa wenye aina ya pili. Anayekujibu "usifunge" bila kueleza hatasikilizwa, na mgonjwa atafunga kimyakimya kwa dozi zilezile. Anayejua atapunguza dozi ya daku na kuisogeza ile kubwa kwenye futari, atamwangalia kwa makini mtu wa glibenklamidi kwa sababu dawa hiyo hushusha sukari kwa saa nyingi, atakwambia ufungue sukari ikishuka chini ya 3.9 mmol/L, na atakukumbusha kwamba masheikh wengi hawaoni kutoboa kidole kuwa kunabatilisha saumu. Wapo pia atakaowakataza kabisa, na atakuwa na sababu za kuwaeleza.

Mambo mengine yanajionyesha haraka. Kama mwaka umepita na hujawahi kuambiwa uvue viatu, hapo huhudumiwi. Miguu inaguswa kwa uzi wa plastiki kupima ganzi, mkojo unapimwa protini ili figo zisiharibike kimya, macho yanatazamwa kwa ndani kila mwaka. Jina la daktari linaangaliwa kwenye daftari la baraza la madaktari la nchi. Na anayetangaza redioni kwamba anaponya kisukari kwa siku 30 hahitaji kuangaliwa popote.

Fedha nazo ni sehemu ya tiba, na daktari asiyeziulizia anaandika cheti kitakachoishia mfukoni. Insulini ya kawaida ya binadamu ni nafuu kuliko zile mpya, na kwa wengi wa aina ya pili inatosha. Hata jokofu si kikwazo kama watu wanavyodhani: Madaktari Wasio na Mipaka pamoja na Chuo Kikuu cha Geneva walifuata joto la kambi ya wakimbizi ya Dagahaley, kaskazini mwa Kenya, na matokeo waliyochapisha mwaka 2021 yalionyesha kwamba insulini ya binadamu iliyokaa wiki nne kwenye joto la kupanda na kushuka kati ya nyuzi 25 na 37 haikupoteza nguvu yake. Bobezi mwenye kuelewa haya utaonana naye mara moja au mbili kwa mwaka, na kila mara atakupa barua ya kumpelekea daktari wa kliniki ya karibu nawe, ikiwa na aina ya kisukari chako, dozi, kiwango unachotakiwa kukaa, na dalili zipi zikitokea urudishwe kwake. Usiondoke bila barua hiyo, na kabla hujafika mlangoni piga nakala yake kwa simu.