Samoni wamerudi nyumbani, na vijana ndio walioufungua mto kwa kasia

Mara yangu ya kwanza kula samoni ilikuwa bathdei ya beshte yangu, mkahawa mmoja pale Westlands. Kipande kidogo cha rangi ya chungwa juu ya wali, na bei ya kukunyima usingizi. Nikapiga picha, nikapost, nikatafuna. Sikujiuliza huyu samaki ametoka wapi.

Juzi nikiwa kwa keja, nikakutana na video ya vijana wa rika langu, wengine hata wadogo kuniliko, wakipiga kasia katika mitumbwi ya kayaki kwenye mto wenye maji makali. Walipofika baharini, wazazi wao walikuwa ufuoni wanalia. Hawa wanalia nini? Bando ikaisha, nikanunua ingine. Stori yenyewe ndiyo hii.

Mto unaitwa Klamath. Unaanzia jimbo la Oregon, Marekani, unapita kaskazini mwa California hadi Bahari ya Pasifiki. Wayurok, Wakaruk na makabila mengine ya wenyeji wa huko wameishi na mto huo tangu jadi. Kwao samoni si chakula cha kupiga picha. Ni kama ugali kwetu, tena ana sherehe na sala zake.

Sasa, samoni ana maisha ya ajabu. Huzaliwa kwenye maji baridi ya mto, hushuka baharini akiwa mdogo, hukaa huko miaka kadhaa akinenepa, halafu hurudi mto ule ule aliozaliwa. Anaujua kwa kunusa! Hupanda dhidi ya mkondo, hutaga mayai, na wale wa Pasifiki wengi hufa hapo hapo. Mizoga yao inalisha dubu, ndege na hata miti ya kando ya mto. Lakini ukimwekea ukuta njiani, safari imeisha. Hana mpango wa pili.

Na kuta zilijengwa. Kati ya 1918 na 1962 yalijengwa mabwawa manne ya umeme: Copco 1, Copco 2, J.C. Boyle na Iron Gate. Hili la mwisho, lililo chini zaidi, halikuwa na njia yoyote ya kupitisha samaki. Nyuma ya kuta maji yakasimama, yakapata joto na kugeuka kijani kwa mwani wenye sumu.

Septemba 2002 mambo yakaharibika kabisa. Maji yalikuwa machache na ya moto, kwa kuwa mengine yalielekezwa mashambani, na ugonjwa ukashika matamvua ya samaki. Zaidi ya samoni 30,000 walikufa kwa siku chache tu, wakaoza ufuoni watu wakiangalia.

Wenyeji hawakuishia kulia. Waliandamana, wakaenda mahakamani, wakawafuata wenye mabwawa hadi Scotland na kwenye mkutano wa wanahisa kule Omaha. Ilichukua miaka 20. Kumbuka hapa hatuzungumzii umeme wa kuangaza nchi nzima: mabwawa hayo yalitoa chini ya asilimia 2 ya uwezo wa kampuni iliyoyamiliki. Novemba 2022 kibali kikatoka. Copco 2 lilibomolewa 2023, yale mengine matatu 2024, kwa bajeti ya takriban dola milioni 450. Mabilioni ya mbegu za mimea ya asili yakapandwa kwenye matope yaliyobaki.

Wataalamu walidhani samaki watachukua muda kurudi. Wapi! Siku chache tu baada ya kazi ya mtoni kukamilika, Oktoba 2024, samoni walishapita pale ukuta ulipokuwa. Kufikia katikati ya mwezi walionekana Oregon, mara ya kwanza tangu 1912. Hakuna samaki aliye hai aliyewahi kuonyeshwa njia hiyo.

Ndipo wale vijana wa video wakaingia. Walikuwa wamefunzwa kayaki kwa miaka, na mnamo Juni 2025 walianza safari kutoka vyanzo vya mto. Mwezi mmoja, takriban kilomita 500, hadi baharini. Babu zao hawakuwahi kuuona mto huo ukiwa wazi hivyo. Sasa nikaelewa machozi.

Lakini tusidanganyane, vita havijaisha. Mabwawa mawili madogo bado yapo juu ya mto, na wakulima bado wanahitaji maji. Kiangazi kinazidi kuwa kikali. California ilifunga uvuvi wa kibiashara wa samoni baharini 2023, 2024 na 2025 kwa sababu samaki ni wachache.

Na yule wa Westlands? Samoni wengi wanaouzwa duniani ni wa kufugwa, hasa kutoka Norway. Wakifugwa kwenye vizimba baharini, chawa wa samaki huzaana kwa wingi na kuwashambulia wale wa asili wanaopita. Wanaotoroka hujamiiana na wa asili na kudhoofisha kizazi. Juni 2024 Norway yenyewe ilifunga uvuvi katika mito 33 baada ya samoni wachache mno kurudi.

Nilimpigia nyanya kijijini nikamsimulia. Akacheka. "Hiyo ni kama ningu wetu," akasema. Kweli. Ningu wa Ziwa Victoria pia hupanda mito kama Nzoia na Sondu mvua zikianza, kwenda kutaga. Wavuvi walitandaza nyavu midomoni mwa mito wakati huo huo, wakanasa kina mama wenye mayai, na uvuvi wake ukaporomoka katikati ya karne iliyopita.

Nikamuuliza aliwaona lini wakipanda kwa wingi.

"Mamako hakuwa amezaliwa," akajibu.

Mimi nimelelewa karibu na mto huo, na sijawahi kuwaona. Wale vijana wa Klamath nao hawakuwa wamewahi kuuona mto wao ukiwa wazi.