Kalamu ya Mengi na Pamba ya Bariadi

Wiki hii nimekuwa nikisoma kitabu cha maisha ya marehemu Reginald Mengi, alichokizindua mwaka 2018, mwaka mmoja kabla ya kufariki dunia. Wengi humkumbuka kwa ITV na Radio One, zilizoanza mwaka 1994. Mimi nimekwama kwenye kalamu.

Miaka ya 1980, enzi za foleni za sabuni na sukari, hata kalamu ya kuandikia ilikuwa adimu madukani Dar es Salaam. Watu walinung'unika wakazoea. Mengi, wakati huo mhasibu katika kampuni ya Coopers & Lybrand, alitafuta vipande vya kalamu, akaanza kuviunganisha nyumbani kwake na kuuza.

Hapo ndipo nikaikumbuka Bariadi. Huku mkulima huuza pamba ikiwa na mbegu zake. Kinuni, katika kila kilo tatu, karibu moja huwa nyuzi na mbili mbegu. Mbegu hukamuliwa mafuta, yakabaki mashudu ya kulishia ng'ombe. Nyuzi hufungwa marobota, na sehemu kubwa ya marobota ya nchi hii husafirishwa nje. Kisha bandeji na pamba za hospitali, nyingi zake, tunaziagiza kutoka nje.

Wapo wanaosema watu wa Simiyu wamelala, wanajua ng'ombe tu. Sikubaliani nao. Mengi alikuwa na mshahara. Kalamu zisingenunuliwa, watoto wake wangekula vilevile. Mkulima wa pamba hupata fedha mara moja kwa mwaka, na kabla hajazishika zimeshakatwa deni la mbegu na dawa. Zinazobaki zinangojewa na ada, matibabu na mahari. Huyo ukimwambia ajaribu biashara mpya, unamwambia aweke rehani chakula cha mwaka mzima. (Sisi waandishi wa habari tusicheke, tarehe 20 tunakopa dukani.)

Lakini kuna jambo jingine ambalo halihitaji mtaji mkubwa, nalo ni hesabu. Mhasibu hujua kalamu moja imemgharimu kiasi gani kabla hajaitia bei. Muulize mama anayeuza maziwa mnadani: chupa moja inakuingizia faida gani ukitoa majani, dawa na nauli? Atakuambia, “Inanisaidia saidia.” Biashara ya kusaidia saidia haikui, kwa kuwa mwenyewe hajui inapovuja.

Na kuna soko. Katika miaka ya 2010 vijana wa Maswa walianza kutengeneza chaki. Kazi yenyewe haina maajabu: unga wa jasi hukorogwa na maji, humiminwa kwenye kalibu, hukaushwa. Walichokipata ni kwamba mnunuzi alikuwa mlangoni, maana kila shule inaandika ubaoni, na uongozi wa mkoa ukawasukumia shule wazinunue.

Sasa turudi kwenye bandeji. Vinu vipo, marobota yapo, na tangu mkoa uanzishwe mwaka 2012 zahanati na vituo vya afya vimeongezeka. Anayetaka kujaribu aanze kwa kuuliza maswali mawili: vituo hivyo vinatumia bandeji ngapi kwa mwezi? Na vikishazipokea, vitalipa baada ya siku ngapi? Kijana asiye na mshahara hawezi kungoja malipo miezi sita.