Imamu, Sheikh ama Kadhi? Chanuka Nani Hufanya Nini

Wasee wengi mtaani wakiona buda amevaa kanzu na kofia, wanamwita sheikh na kumaliza stori. Siku za kawaida hakuna noma. Noma huanza mkiwa na kesi ya talaka ama ploti ya marehemu, halafu mnaipeleka kwa mtu ambaye hana nguvu ya kuiamua.

Anza na imamu. Kwa Wasunni, ambao ndio wengi Kenya, ni yule anayesimama mbele akiswalisha. Hakuna kupewa upadri hapa. Hata nyinyi wawili mkiswali kwa keja, mmoja wenu ashakuwa imamu, na anayefaa ni yule anajua Qur'ani zaidi. Kwa Washia neno lina uzito mwingine kabisa: Imamu ni kiongozi kutoka kizazi cha Mtume. Waismailia wako na wao hadi leo, Aga Khan, ndio huyo wa ile hospitali ya Parklands. Prince Karim alipofariki Februari 2025, mwanawe Rahim akawa Imamu wa 50.

Sheikh kwa Kiarabu ni mzee, mtu wa kuheshimiwa. Ndio maana hata mtawala wa Dubai anaitwa hivyo na si mambo ya msikiti. Kwetu ni heshima ya mtu aliyesoma dini, lakini hakuna ofisi moja inayogawa hilo jina. Kwa hivyo ukiona mtu TikTok amejiita sheikh, uliza alisomea kwa nani. Ustadh naye ni mwalimu, kwetu sana sana wa madrasa.

Sasa kadhi. Huyu ni hakimu wa serikali, chini ya Mahakama, na Katiba ya 2010 imemtaja kwa kifungu cha 170. Si kitu ya juzi: kabla ya uhuru, 1963, Kenyatta aliiahidi serikali ya Sultani wa Zanzibar kwamba mahakama hizo zitabaki Pwani. Kadhi husikiza mambo ya hadhi ya mtu binafsi, ndoa, talaka na urithi peke yake, na lazima pande zote ziwe za Waislamu na zikubali kuwa mbele yake. Mmoja akikataa, kesi inaenda korti zingine. Usiporidhika na uamuzi, unakata rufaa Mahakama Kuu.

Imamu wa mtaa anaweza kuwapatanisha, na mara nyingi anafanya poa kuliko mawakili. Lakini akigawa ploti kwa mdomo na ndugu yako agome, huna karatasi ya kupeleka kwa ofisi ya ardhi.

Na kama unapanga nikaha, Sheria ya Ndoa ya 2014 inataka anayefungisha awe kadhi, sheikh ama imamu aliyeidhinishwa na msajili wa ndoa. Muulize hiyo idhini mapema, kabla hamjaalika watu wa biriani.