Mafunzo ya Vijidudu Yaunganishe Maabara na Kompyuta

Maji ya bomba ya Bujumbura huvutwa na shirika la maji la REGIDESO kutoka Ziwa Tanganyika, lenye kina cha mita 1,470, ambalo maji yake ya chini hayana oksijeni kabisa. Mwaka 2021 watafiti walichapisha jenomu 523 za bakteria na arkea, zilizopatikana katika maji yaliyochotwa upande wa Tanzania. Vijidudu hivyo huzungusha naitrojeni na salfa ziwani, kwa hiyo vinagusa hata maisha ya samaki wa ndagala na mukeke. Burundi, inayolitegemea ziwa hili kwa maji na kitoweo, inahitaji watafiti wake wa kazi ya namna hiyo, na mafunzo yao yasitenganishe maabara na kompyuta.

Sababu iko katika kazi yenyewe. Mtafiti huchuja maji kwa utando wenye vitundu vya mikromita 0.2, bakteria wakanasa juu yake. Huwapasua na kutoa vinasaba, mashine ikavisoma, kisha programu zikapanga mamilioni ya vipande na kubaini kila kimoja ni cha kiumbe gani. Mwaka 2014 utafiti mmoja ulionyesha hatari iliyopo: bakteria wa aina moja tu, Salmonella bongori, walizimuliwa hatua kwa hatua, na kadiri walivyopungua ndivyo matokeo yalivyojaa bakteria wengine, waliotoka katika dawa za maabara zenyewe. Kompyuta ilihesabu uchafu iliopewa. Anayejua programu pekee angetangaza ugunduzi. Aliyezoea kuchuja maji angeuliza kwanza iko wapi sampuli tupu ya kulinganishia.

Wapo watakaosema mitambo ni ghali na intaneti inasuasua. Ni kweli, lakini mwaka 2019 mtandao wa H3ABioNet uliendesha kozi ya uchambuzi wa vinasaba vya bakteria kwa kompyuta kwa madarasa ya nchi mbalimbali za Afrika: mihadhara ilitoka mbali, wasaidizi wakawa darasani. Programu nyingi ni za bure. Vinasaba vinaweza kusomwa nje kwa malipo. Lakini kuchota sampuli, kuitunza na kufasiri majibu kunahitaji wenyeji wanaoyaweza mambo hayo. Wengine watasema magonjwa yatangulie. Lakini kipindupindu, ambacho mlipuko wake ulitangazwa Burundi Januari 2023, huletwa na bakteria, na kufuatilia nasaba yake kunadai stadi hizihizi.

Basi vyuo vya Bujumbura vianze na kidogo kilichokamilika: mwanafunzi afuate sampuli moja kutoka kwenye chupa hadi jedwali la mwisho, ajue kosa huingilia wapi. Mtafiti wa aina hiyo ataweza kuyaamini majibu yanayotoka nje, au kuyakataa kwa hoja.