Sayansi ya utekelezaji: Masomo ya mtandaoni yanayolenga kuziba pengo kati ya utafiti na kitanda cha mgonjwa

MNAMO mwaka wa 1996, watafiti waliokuwa wakifanya kazi Kilifi walitangaza matokeo yaliyostahili kubadilisha maisha ya kila mtoto wa Pwani.

Uchunguzi wao wa kati ya 1993 na 1995 ulibainisha kwamba neti iliyochovywa katika dawa ya kuua mbu ilipunguza kwa asilimia 33 vifo vya watoto wa umri wa kati ya mwezi mmoja na miaka mitano. Idadi ya waliolazwa hospitalini kwa malaria kali nayo ilishuka kwa asilimia 44.

Hata hivyo, kufikia 2004, miaka minane baadaye, ni watoto wapatao 7 pekee kati ya 100 waliokuwa wakilala ndani ya neti zenye dawa katika maeneo manne ya mashambani yaliyochunguzwa nchini, Kwale ikiwa mojawapo.

Neti zilikuwepo na ushahidi ulikuwepo. Kilichokosekana ni njia ya kuifikisha neti kitandani mwa mtoto.

Pengo hilo ndilo linaloshughulikiwa na taaluma inayojulikana kama sayansi ya utekelezaji wa huduma za afya, ambayo sasa inafundishwa na vyuo vikuu kadhaa vya ng'ambo hadi kiwango cha shahada ya uzamili, baadhi yavyo kupitia mtandao.

Watafiti wa tiba huuliza iwapo dawa fulani inafaa. Mtaalamu wa utekelezaji huanzia hapo na kuuliza: ikiwa inafaa, mbona haitumiki? Nani hafikiwi? Ni nini kibadilishwe hospitalini, dukani, nyumbani au katika bajeti ili itumike, na iendelee kutumika hata baada ya wafadhili kuondoka?

Taaluma hii ni changa. Jarida la kimataifa lenye jina hilo, Implementation Science, lilianza kuchapishwa mwaka wa 2006. Lakini wakazi wa Kilifi walikuwa wameishi ndani ya maswali yake tangu zamani.

Funzo la neti

Wakati wa uchunguzi wa miaka ya tisini, neti zilihitaji kuchovywa upya katika dawa kila baada ya miezi kadhaa. Kazi hiyo ilipofanywa bila malipo na wafanyakazi walioajiriwa na mradi, wengi walijitokeza. Uchunguzi ulipomalizika na wananchi wakatakiwa kugharamia dawa wenyewe, idadi ya neti zilizochovywa ilishuka sana.

Dawa ilikuwa ile ile na mbu walikuwa wale wale. Kilichobadilika ni utaratibu wa kuifikisha dawa na mzigo wa gharama.

Serikali ya Kenya na washirika wake walijaribu njia tatu, moja baada ya nyingine. Kwanza neti ziliuzwa madukani. Kisha, kuanzia 2004, ziliuzwa kwa Sh50 katika kliniki za kina mama na watoto. Hatimaye, mwaka wa 2006, neti takriban milioni 3.4 ziligawanywa bila malipo kwa watoto.

Kufikia mwisho wa mwaka huo, watoto wapatao 67 kati ya 100 katika maeneo yale manne walikuwa wakilala ndani ya neti zenye dawa. Miongoni mwa familia maskini zaidi, kiwango kilipanda kutoka takriban asilimia 3 hadi 66.

Kwa kipimo cha sayansi ya utekelezaji, hilo lilikuwa jawabu bayana: kwa familia maskini, hata bei ndogo ilikuwa ukuta.

Yanayofundishwa

Mwanafunzi wa shahada hii hufundishwa mbinu za kupima mambo kama hayo. Mojawapo, iliyotolewa mwaka wa 1999 na wataalamu wa Marekani na kufahamika kama RE-AIM, ina maswali matano: Huduma imewafikia watu wangapi na wa aina gani? Imeleta faida? Ni vituo vingapi vimekubali kuitumia? Inatekelezwa ilivyokusudiwa? Na je, itadumu?

Aidha, hujifunza takwimu, uchumi wa afya, namna ya kuwahoji wagonjwa na wahudumu, na jinsi ya kuandaa mpango wa kubadilisha mwenendo wa kituo kizima.

Mfano wa kazi ya aina hiyo ulifanyika nchini kati ya 2006 na 2008, katika hospitali nane za wilaya zilizoshirikishwa katika uchunguzi wa huduma za watoto. Zote zilipewa miongozo ya matibabu. Nne kati yazo ziliongezewa mafunzo ya kina, usimamizi wa mara kwa mara, ripoti kuhusu utendakazi wao na mtu wa kuwahimiza wahudumu pale pale hospitalini.

Hospitali hizo nne ziliimarika kuliko zile nyingine. Kitabu cha miongozo, ilidhihirika, hakibadilishi wodi kikiachwa peke yake.

Wakati mwingine kinachohitajika ni kuacha jambo lililozoeleka. Mwaka wa 2011, utafiti ulioongozwa kutoka Kilifi na kufanyika Kenya, Uganda na Tanzania ulionyesha kwamba kuwapa kwa haraka maji mengi ya mishipani watoto wenye homa kali na dalili za mzunguko hafifu wa damu kuliongeza vifo. Watoto waliokuwa wakiharisha kwa ugonjwa wa tumbo hawakuhusishwa. Kumshawishi daktari aache tiba aliyoifundishwa kwa miaka mingi ni kazi ya utekelezaji pia.

Bila kuondoka wodini

Kwa muuguzi au afisa wa kliniki wa Malindi, Magarini au Ganze, faida kubwa ya masomo ya mtandaoni ni kwamba halazimiki kuacha kituo chake chenye wahudumu wachache. Tena, tatizo analolitafiti liko mbele yake kila asubuhi.

Kenya ina uzoefu wa njia hii. Mwaka wa 2005, shirika la AMREF na Baraza la Wauguzi, pamoja na washirika wao, walianzisha masomo ya mtandaoni kwa wauguzi wenye vyeti waliotaka kufikia kiwango cha diploma. Wauguzi hao walikuwa zaidi ya 20,000, na ilikadiriwa kwamba kuwafunza wote kwa njia ya madarasa pekee kungechukua takriban karne nzima.

Kuwasili kwa nyaya za baharini za intaneti mjini Mombasa mwaka wa 2009 kulirahisisha zaidi masomo ya aina hii.

Kilifi yenyewe ina msingi imara. Kituo cha utafiti cha KEMRI na Wellcome Trust kimekuwepo tangu 1989, na tangu 2000 kimekuwa kikifuatilia uzazi, vifo na uhamaji wa wakazi katika eneo la kilomita za mraba 891. Chuo Kikuu cha Pwani, kilichopata hati yake mwaka wa 2013, kimeshirikiana na kituo hicho kutoa stashahada ya uzamili ya mbinu za utafiti wa afya.

Hata hivyo, anayetamani shahada ya ng'ambo anapaswa kuwa mwangalifu. Karo inaweza kuwa kubwa kuliko mshahara wa miezi mingi, na si kila cheti kinachopatikana mtandaoni hutambuliwa nchini. Ni vyema kuuliza taasisi za serikali zinazohusika na utambuzi wa vyeti kabla ya kulipa chochote.

Kwa asiye na uwezo, TDR, mpango wa utafiti wa magonjwa ya nchi za joto unaosimamiwa na Shirika la Afya Duniani (WHO), umeandaa kozi fupi ya mtandaoni ya utafiti wa utekelezaji isiyotozwa karo.

Tangu 2013 huduma nyingi za afya zimekuwa mikononi mwa serikali za kaunti, kwa hivyo maamuzi mengi ya utekelezaji hayasubiri tena Nairobi.

Maamuzi hayo yanazidi kuwa mazito. WHO lilipendekeza chanjo mbili za malaria, moja mwaka wa 2021 na nyingine 2023. Kilifi ilikuwa miongoni mwa maeneo zilikofanyiwa majaribio. Kila moja inahitaji dozi nne, na ya mwisho hutolewa miezi mingi baada ya ya tatu.

Maabara imekwisha kufanya sehemu yake. Namna ya kuhakikisha kwamba mama anayeishi mbali na zahanati atarudi na mtoto wake kwa dozi ya nne ni swali ambalo haliwezi kujibiwa maabarani.