Fundi wa gofu: Kazi ambayo vijana wetu wanaipita kila siku

Ukipita barabara ya Mama Ngina hapa Mombasa, utauona uwanja wa gofu wenye mashimo tisa ukitazamana na bahari. Wengi wetu tunaona wenye pesa wakipiga mpira, na vijana wakiwabebea mikoba. Lakini klabu nyingi za gofu zina mtu wa tatu ambaye wengi hawamjui: mchezaji wa kulipwa aliyeajiriwa na klabu.

Huyu si yule wa kwenye runinga anayezunguka dunia kutafuta mamilioni. Huyu hukaa pale pale. Hufundisha wanachama, huendesha duka la vifaa, hutengeneza fimbo zilizovunjika, hupanga mashindano. Kwa ufupi, ni fundi. Kuielewa kazi hii, hatuna budi kurudi ilikoanzia, Scotland, kwa mzee Tom Morris.

Tom alizaliwa mwaka 1821 katika mji wa St Andrews. Akiwa na umri wa miaka 14 hivi alipelekwa kujifunza kazi kwa Allan Robertson, mchezaji hodari wa zama zile na fundi wa mipira. Mpira wa wakati huo ulikuwa ngozi iliyoshonwa na kushindiliwa manyoya ya ndege. Fundi mzuri alitengeneza michache tu kwa siku, kwa hivyo bei yake ilikuwa ghali.

Kisha, mwaka 1848 hivi, ukaja mpira wa utomvu wa miti ya Malaya, uitwao guta-pacha. Ulikuwa rahisi kutengeneza na bei yake nafuu. Robertson aliuchukia kwa sababu ulitishia riziki yake. Inasimuliwa kwamba alisikia Tom ameucheza, wakakosana na kuachana. Wenzangu, hadithi ya teknolojia mpya kuingia na bwana kumgombeza mwanafunzi haikuanza na simu za mkononi.

Mwaka 1851 Tom alihamia Prestwick, akatengeneza uwanja wa mashimo 12 na kuutunza. Hapo ndipo, mwaka 1860, yalipochezwa mashindano ya kwanza ya The Open. Walijitokeza wachezaji wanane tu. Willie Park alishinda kwa mikwaju 174, Tom akamfuata kwa 176. Hakukata tamaa. Alishinda mwaka 1861, 1862, 1864 na 1867. Ushindi huo wa mwisho aliupata akiwa na miaka 46, na mpaka leo hakuna mshindi wa The Open aliyemzidi umri.

Lakini ubingwa haukumtoa kwenye jembe. St Andrews ilipomrudisha nyumbani katikati ya miaka ya 1860 kuwa mtunzaji wa uwanja, mshahara ulikuwa pauni 50 kwa mwaka, na vifaa alivyokabidhiwa ni toroli, sepetu na koleo. Bingwa wa nchi, na toroli! Alimwaga mchanga juu ya nyasi akaona zinanawiri, na mpaka leo viwanja hufanyiwa hivyo. Jumapili aliufunga uwanja, akisema kwamba hata kama wachezaji hawahitaji kupumzika, ardhi inahitaji. Pia aliitwa kwingine kupanga viwanja, kikiwemo Muirfield.

Maisha hayakumwonea huruma. Mwanawe, ambaye pia aliitwa Tom, alishinda The Open mara nne. Septemba 1875, baba na mwana wakiwa kwenye mechi North Berwick, ilikuja telegramu kwamba mke wa kijana yuko katika uchungu wa uzazi, hali mbaya. Walivuka bahari kwa mashua, lakini mama na mtoto walikuwa wamekwisha kufariki. Tarehe 25 Desemba mwaka huo huo kijana naye akafa, umri miaka 24. Mzee akarudi kazini. Alistaafu mwaka 1903, na alipofariki mwaka 1908 alikuwa amewazika mkewe na watoto wake wote.

Kwa nini naandika haya? Kwa sababu tunao viwanja vya gofu Mombasa, Nyali, Vipingo na Diani, na vijana wanaobeba mikoba humo. Kubeba mkoba ni kazi ya halali. Lakini kama kijana atabeba mkoba hadi azeeke bila kufundishwa kitu, hiyo si ngazi, ni ukuta. Tom Morris alipata ngazi: alianza na bwana aliyemfundisha mkono wa fundi, akaja kujua mpira, fimbo, udongo na watu.

Ombi langu kwa wasimamizi wa klabu zetu ni jepesi. Chukueni vijana wachache kila mwaka, muwafunze utunzaji wa nyasi, utengenezaji wa fimbo, ualimu wa mchezo na hesabu za duka, kisha muwape cheti. Nanyi wazazi, msimcheke mwanenu akisema anataka kazi ya gofu. Muulizeni swali moja tu: nani atakufunza? Mchumia juani hulia kivulini, lakini lazima kwanza aonyeshwe cha kuchuma.