Akiba haiozi, lakini samaki je?

Wahenga walisema akiba haiozi. Nami siwapingi wazee, ila nadhani aliyelitamka neno hilo mara ya kwanza alikuwa na mtama ghalani; hakuwa na changu wawili mkononi saa saba mchana, mwezi wa Februari, hapa Mji wa Kale. Sisi watu wa pwani tumejua tangu zamani kuwa zipo akiba zinazooza, tena upesi. Ndiyo sababu tukawa na ng'onda na papa mkavu, tukawa na achari ya ndimu na ya embe, na kila nyumba ikawa na mtungi wake wa maji penye upepo.

Leo nataka kuzungumza na wasomaji juu ya baridi: vipi mtu ataipata, na vipi ataihifadhi, mahali pasipo na waya wa stima. Jambo hili halikunijia kwa kusoma vitabu. Lilinijia kwa msukosuko ulionipata safarini, mimi na dada yangu, na dawa yake.

Gari la mpwa wangu

Mpwa wangu aliporudi kutoka Ghuba alinunua gari kuukuu la abiria. Akang'oa viti, akatia kitanda, jiko la gesi, tangi la maji, na friji ndogo ya kufunguka kwa juu mfano wa sanduku. Huko Ulaya na Marekani nyumba za magurudumu kama hiyo ni jambo la kawaida, lakini kwetu lilikuwa kioja. Vichochoro vya Kibokoni havipitishi gari la namna ile, basi likawa likilala nje, upande wa Ngomeni, na watoto wakenda kulichungulia kama wanaochungulia sanduku la bi harusi.

"Mjomba," akaniambia siku moja, "nataka kumpeleka mama Tsavo akaone ndovu. Nawe twende."

Dada yangu ana maradhi ya sukari, na kila siku hujidunga insulini. Dawa hiyo, ikiwa haijafunguliwa, hutakiwa kukaa baina ya nyuzi 2 na 8 za Selsiasi. Ikishafunguliwa, aina nyingi zaweza kustahimili muda wa kama wiki 4 nje ya friji, madhali joto halizidi nyuzi 25 au 30 kama ilivyoandikwa kwenye karatasi yake. Joto likizidi hupungua nguvu; na ikigandishwa huharibika kabisa, hata kama itayeyuka tena. Basi friji ile haikuwa ya soda tu.

Tukaondoka asubuhi. Tukasimama Mackinnon Road, penye msikiti na kaburi la Sayyid Baghali Shah, ambapo wasafiri wengi wa njia ile husimama kusali na kupumzika. Magharibi ilipoingia tulikuwa tumekwisha tua kambini Tsavo Mashariki, mbali na stima yoyote. Friji ikinguruma taratibu, tukala, tukalala.

Alfajiri kimya ndicho kilichoniamsha. Friji ilikuwa imenyamaza. Mpwa wangu akazungusha ufunguo wa gari. Likatoa mlio mmoja kama mtu anayefyonya, kisha nalo likanyamaza.

Kosa letu lilikuwa dogo na la wazi. Friji ilikuwa imefungwa kwenye betri ile ile ya kuwashia injini. Betri hiyo imeumbwa kutoa nguvu nyingi kwa muda mfupi, gari liwake, kisha ijazwe na injini. Haikuumbwa kunyonywa polepole usiku kucha. Tuliikamua mpaka ikakauka, tukakosa baridi na tukakosa gari.

Kuzi la dada

Hapo ndipo dada yangu alipotoa vyombo vyake. Alikuwa amekuja na kuzi la udongo na chungu kimoja, nasi tulimcheka tulipokuwa tukipakia. Akaifunga dawa ndani ya mfuko wa plastiki usiopenya maji, akaitia chunguni, akakizungushia chungu kitambaa kilicholowa, akakiweka kivulini penye upepo. Kila kitambaa kilipokauka alikilowesha tena. Hakusema neno, nasi hatukuwa na la kusema.

Mtungi hupoza kwa sababu udongo wake una vitundu vidogo mno. Maji hupenya, hufika nje, hugeuka mvuke, na kila yanapogeuka huchukua joto kutoka kwa yale yaliyobaki ndani. Kwa hiyo mtungi unaotoka jasho ndio unaofanya kazi, na mtungi uliopakwa rangi ya mafuta ni pambo tu. Lakini mvuke hutoka upesi pale ambapo hewa ni kavu. Hapa Mombasa hewa imejaa unyevu wa bahari, na ndiyo maana wazee waliuweka mtungi penye mkondo wa upepo, si pembeni mwa chumba. Kule Tsavo, kwenye hewa kavu, kuzi lile lilipoza maji kuliko linavyopoza nyumbani.

Hata hivyo nisimdanganye mtu. Chungu hakifikishi nyuzi 8. Kiliiokoa dawa na joto la mchana, lakini ile isiyofunguliwa ilibidi ihesabiwe kuwa imetoka katika friji, na wiki zake 4 zikaanza siku ile. Mwenye mgonjwa na amwulize daktari wake kabla ya safari, asingoje msukosuko.

Majirani wa kambini walituazima stima kwa waya, gari likawaka, tukarudi Mombasa mapema kuliko tulivyokusudia. Ndovu tuliwaona wawili, kwa mbali.

Baridi ina gharama

Niliporudi nikaanza kuulizauliza, nikaona kuwa kila zama watu wamesumbukia jambo hili. Mwaka 1806 mfanyabiashara wa Boston, Frederic Tudor, alipakia barafu ya ziwani merikebuni akaipeleka Martinique, na watu wakamcheka. Mwaka 1833 barafu yake ilifika Calcutta. Wafanyabiashara wa barafu walikuja kuifunika kwa unga wa mbao, joto la nje lisiingie. Wauza samaki wetu wanaofunika barafu kwa magunia wanaijua hekima hiyo hiyo.

Stima ilikuja kisiwani kwetu kwa kampuni iliyoundwa mwaka 1908. Lakini waya haukufika kila mahali, na huko usikofika, friji iliyotumika zahanati na majumbani ilikuwa ya mafuta ya taa. Friji hiyo ilibuniwa Stockholm mwaka 1922 na wanafunzi wawili, Baltzar von Platen na Carl Munters. Haina mota. Moto mdogo huichemsha amonia itoke katika maji, nayo ikizunguka kwenye mabomba hupoza kabati. Ni ajabu ya Mola: moto unaotengeneza barafu!

Nyumba nyingi za magurudumu bado hutumia friji ya ukoo huo, kwa gesi ya mtungi. Haitafuni betri, lakini ina masharti. Gari lazima lisimame sawasawa, si mteremkoni. Joto la nje likiwa kali sana hulemewa. Na moshi wake lazima utoke nje, kwani hewa ya moto iliyofungiwa ndani huua watu usingizini. Yako pia masanduku ya bei nafuu ya kuchomeka kwenye gari. Hayo hupoza kama nyuzi 20 chini ya joto la nje, na hunyonya stima bila kupumzika. Siku ya nyuzi 34, ndani utapata 14. Kwa soda yafaa. Kwa insulini na nyama haifai.

Hesabu ya fundi

Mpwa wangu alimwendea fundi wa stima za magari, nami nikafuatana naye. Fundi yule alichukua kalamu kabla ya kuchukua bisibisi.

"Ustadhi," akaniambia, "friji hii ya mota ya volti 12 hula kama ampia 4 inapozunguka. Katika joto letu itazunguka karibu nusu ya siku. Saa 12 mara 4 ni ngapi?"

"Arobaini na nane," nikajibu, kama mtoto wa chuoni.

"Basi betri ya asidi iliyoandikwa 100 usiitumie zaidi ya nusu, maana ukiikausha utaiua. Nusu yake ni 50. Una siku moja, si mbili."

Akatueleza kuwa betri za lithiamu huruhusu kutumia sehemu kubwa zaidi ya kilichomo, ila bei yake ni juu. Betri ya friji iwe mbali na ya injini, na baina yao pawe na kifaa kinachoziunganisha injini inapozunguka na kuzitenga inapozimwa. Waya uwe mnene na mfupi, kwani waya mwembamba hupoteza nguvu njiani, na friji ikiona volti zimepungua hujizima. Na fyuzi iwekwe karibu na betri, si karibu na friji, ili waya ukichubuka popote gari lisiungue.

Kisha akaja kwenye jua. Ampia 48 kwa volti 12 ni kama wati-saa 576 kwa siku. Kibao cha sola cha wati 100, kwa jua kamili la saa 5, hutoa 500 kwenye karatasi. Lakini ukitoa vumbi, joto na njia ya waya, wabaki na kama 350. Hakitoshi. Cha wati 200 hutoa kama 700. Kinatosha, na ziada kidogo ya siku ya mawingu.

Hapa Mungu ametupendelea. Watu wa Ulaya huinamisha vibao vyao kulifuata jua lililo chini mbinguni. Mombasa iko nyuzi 4 tu kusini mwa ikweta. Jua hupita juu ya vichwa vyetu mwezi wa Machi na tena Oktoba. Kibao kikilala juu ya paa la gari chafaa mwaka mzima, ila kiinuliwe upande kidogo ili mvua ikioshe. Tatizo ni kuwa gari lataka kivuli na kibao chataka jua. Dawa yake ni kuwa na kibao cha mkononi chenye waya mrefu na mnene: gari likae chini ya mti, kibao kikae uwanjani.

Lakini neno lililonikaa zaidi ni hili: "Stima iliyo rahisi kupita zote, Ustadhi, ni ile usiyoitumia." Friji ipozwe nyumbani, kwa stima ya nyumbani, siku moja kabla ya safari. Kinachotiwa kiwe kimekwisha poa. Sufuria ya biriani yenye moto haiingii. Chupa za maji zigandishwe zijaze nafasi, kwani hizo ni betri za baridi. Hata zahanati nyingi zisizo na waya sasa zina friji za chanjo zinazotumia jua mchana kugandisha barafu, na barafu ikalinda chanjo usiku. Na kifuniko kisifunguliwe kila mtoto anapotaka soda.

Safari ya pili

Tumekwenda tena Tsavo, siku tatu. Friji haikunyamaza. Dawa iliwekwa katikati na kipima-joto kando yake, mbali na ubavu unaogandisha. Ndovu tumewaona mpaka dada yangu akachoka kuhesabu.

Nayaandika haya si kwa wenye magari-nyumba peke yao. Tarehe 25 Agosti 2023 stima ilipotea karibu Kenya nzima, na sehemu nyingi ilikesha bila kurudi. Usiku kama huo nyumba ya Mkanyageni haina tofauti na gari lililo nyikani, na mwenye insulini au maziwa ya mtoto hujua thamani ya hesabu. Akiba haiozi, naam, lakini kwa yule aliyeipimia.

Na dada yangu? Dawa yake sasa hukaa frijini. Lakini maji ya kunywa, hata kule kambini, ameyakataa ya frijini. Hunywa ya kuzi lake, lililofukizwa ubani, na hakuna anayemcheka.